Namna ya kutengeneza kozi ya kusoma na kuandika kwa WhatsApp ambayo mtu wa mwaloni hataikimbia

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye simu na moyo wa kufundisha, awe mwalimu wa shule, mwanachuo wa Malimbe, kiongozi wa kikundi cha akina mama pale Kirumba, au mtu tu ambaye nyumbani kwao kuna mama au mjomba asiyejua kusoma na anataka kumsaidia yeye na wenzake. Mimi nafundisha watu wazima huku kanda ya ziwa, hasa mialoni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, wengi wao wauza dagaa, wavuvi, mama lishe na bodaboda, na kitu ninachokiamini kabisa ni hiki: mtu anabaki kwenye kozi ya mtandaoni akiona kile alichojifunza asubuhi kimemsaidia jioni ileile. Video nzuri, nembo, cheti, hivyo vyote vinakuja nyuma ya hapo.

Na ndiyo, asiyejua kusoma anaweza kujifunza kusoma kwa WhatsApp. Kaa soko la Mwaloni pale Kirumba nusu saa tu utaona wamama ambao hawajui herufi hata moja wanatuma voisi, wanapokea picha za mzigo, wanamtambua mteja wa Kongo kwa picha yake ya profaili na wanajibu kwa dole gumba. Simu wanaimudu vizuri tu. Kilichobaki ni maandishi.

Hatua ya 1: Uliza kwanza wanataka kusoma nini

Kabla hujaandaa somo lolote chukua wiki nzima uongee na watu. Uliza kwa voisi, mmoja mmoja, inboksi na sio kwenye grupu, na kama wewe ni mdogo kwake anza na salamu ya heshima, ukijua Kisukuma sema mwangaluka, utaona mtu anavyofunguka. Swali lenyewe liwe rahisi: "Shikamoo mama, hivi wiki hii kuna karatasi gani au meseji gani imekupa shida kwa sababu hukuweza kuisoma?"

Majibu yanafanana sana. Kuna meseji ya muamala, mtu ametumiwa hela ila hajui ni shilingi ngapi na imetoka kwa nani mpaka amwonyeshe kijana wa kibanda, na hapo siri yake yote ya biashara iko mikononi mwa huyo kijana. Kuna bahasha ya dawa ya zahanati iliyoandikwa 1x3. Kuna daftari la madeni ambalo anaandikiwa na mtoto, sasa mtoto akienda shule hakuna anayejua nani anadaiwa ndoo ngapi. Kuna karatasi ya mkopo wa kikundi anayoweka dole gumba bila kujua riba ni kiasi gani. Na kuna zile meseji za matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii", ambazo msomaji anazitambua kwa sekunde mbili ila mtu anayesomewa na mwingine anaweza kupoteza mtaji mzima.

Andika majibu yote, angalia yapi yanajirudia zaidi, chukua matano ya juu. Hayo matano ndo silabasi yako. Usiongeze la sita kwa sababu tu unalipenda.

Hili jambo huku kwetu lina mizizi. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa hapahapa Mwanza, ukihudumia Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo sasa tunaiita Kagera, na vitabu vyake vya kusomea viliandikwa kuhusu pamba, uvuvi, migomba na ufugaji, yaani mtu anajifunza herufi hukohuko kwenye kazi inayomlisha. Wazo bado lina nguvu ileile, tofauti ni kwamba leo maandishi yanayomlisha mtu yako ndani ya simu.

Hatua ya 2: Pima, ila kwa heshima

Usitume fomu. Tuma picha moja yenye mistari minne: wa kwanza herufi chache kama m, a, k, s, wa pili silabi kama ma, ki, pe, su, wa tatu maneno kama pesa, kapu, samaki, wa nne sentensi fupi, "Mama amepima dagaa ndoo tatu." Mwombe asome kwa voisi mpaka anapoweza, akikwama aseme tu hapa nimekwama. Haya yote inboksi. Mtu mzima anayesikilizwa na grupu zima akikwama kwenye herufi ya pili, kesho humwoni tena, na mimi simlaumu hata kidogo.

Utapata watu wa aina tatu. Wasiojua herufi kabisa. Wanaojua herufi ila hawawezi kuziunga. Halafu kuna kundi la tatu, na hili ndo watu wanalisahau, wale waliomaliza darasa la saba, wanaosoma ila polepole mno, akifika mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau kwa hiyo maana inampotea hata kama kila neno amelitamka sawa. Huyu ukimrudisha kwenye ba be bi bo bu utamchosha na utamdhalilisha. Anachohitaji ni kusoma kifungu kifupi kilekile mara nyingi, leo, kesho na keshokutwa, huku anasikiliza sauti yako ikisoma naye, mpaka maneno yaanze kutoka yenyewe. Tengeneza magrupu mawili tofauti tangu siku ya kwanza, la silabi na la wasomaji wa polepole, usiwachanganye hata kama idadi ni ndogo.

Hatua ya 3: Ratiba ifuate giza na mbalamwezi

Hapa kozi nyingi za mtandaoni zinakufa, na waandaaji wanabaki kusema watu hawana mwamko. Kozi imepangwa Jumatatu na Jumatano saa mbili usiku, utafikiri wote ni watu wa ofisini. Sasa mvuvi wa dagaa kazi yake inaenda na mwezi angani. Usiku wa giza anawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, anavua mpaka alfajiri. Mbalamwezi ikitoka taa haivuti tena vizuri, kwa hiyo anatia nanga, anapumzika, anashona nyavu, anatengeneza injini, anaenda nyumbani kuona familia. Na mama wa dagaa naye anafuata hukohuko, wakati wa giza asubuhi yake yote iko kwenye kuanika na kugeuza mzigo kabla mvua haijamharibia, usimtumie kazi saa tatu asubuhi ukitegemea jibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kalenda, tia alama siku ya mwezi mpevu kila mwezi. Siku kadhaa za kuzunguka mwezi mpevu weka masomo mapya, mazito, yale yanayohitaji mtu akae na daftari. Siku za giza usifundishe kitu kipya kabisa, tuma marudio tu, voisi ya dakika moja na neno moja la kusoma, kitu ambacho mtu anakisikiliza huku anageuza dagaa kwenye chanja. Ukienda hivyo kwa miezi minne una kozi nzima na hujapigana na kazi ya mtu.

Kwa bodaboda na mama lishe mambo ni mengine, bodaboda ana nafasi saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana abiria wakipungua, mama lishe ni jioni baada ya kuosha vyombo. Waulize wenyewe.

Na watu wa visiwani, Ukara, Kome, Maisome na kwingine, kuna maeneo mtandao unakuja na kuondoka. Kwao tuma masomo ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja siku ambayo wanafika sehemu yenye mtandao mzuri, wayashushe, wayasikilize taratibu.

Hatua ya 4: Chagua maneno yanayozaa maneno mengine

Hii hatua naipenda kuliko zote na naomba usiiharakishe. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, mwaka 1963 alifundisha vibarua na wakulima wapatao 300 katika mji mdogo wa Angicos kwa kutumia maneno machache kutoka kwenye maisha yao, anachukua neno, wanalijadili, wanalivunja silabi, halafu silabi zinaunganishwa upya kuzaa maneno mengine. Kiswahili kimeumbwa kwa kazi hii. Vokali tano tu, kila herufi inasomeka kama inavyoandikwa, silabi nyingi ni konsonanti moja na vokali moja.

Chukua samaki. Sa, ma, ki. Panua kila moja: sa se si so su, ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku. Sasa waambie wanafunzi waokote silabi zozote wanazotaka waunge neno. Watapata soma, sema, kosa, kisu, siku, kuku, kaka, suka, meko, mama. Yaani neno moja la mwaloni limempa mtu maneno kumi na zaidi, na aliyeyatafuta ni yeye mwenyewe. Halafu leta pesa, ambayo inaongeza pa pe pi po pu, na ghafla una pima, kopa, kapu, kopo, pika. Angalia hayo maneno vizuri, hiyo ni lugha ya soko kabisa.

Neno la tatu weka bei, linaleta ba be bi bo bu na linafundisha vokali mbili kukaa pamoja. La nne dagaa, kwa da na ga na vokali inayorudiwa. Baada ya hapo deni, kwa ajili ya daftari. Zile silabi ngumu, ndoo, nyavu, mtumbwi, chanja, zije wakati mtu ameshajiamini, na m ya peke yake kama ya mkopo na mzigo ipewe somo lake kwa sababu inawachanganya wengi, wanaandika mukopo. Dh, th na gh ziache mwishoni kabisa, dhahabu ndo neno zuri la kuanzia, Geita si mbali na kila mtu ana ndugu aliyewahi kwenda machimboni.

Ng' usiiogope. Kwa mwanafunzi Msukuma hiyo sauti iko kwenye majina ya ukoo wake na kwenye ng'ombe wa baba yake, anaitamka kuliko wewe, anachohitaji ni kuonyeshwa tu kwamba ile alama ndogo juu ndo inayoitofautisha na ngoma.

Jina lake mwenyewe pia liwe somo, wiki ya kwanza kabisa, hata kama lina silabi ambazo bado hamjafika. Mtu anayeweza kuandika jina lake harudi tena kwenye dole gumba na hilo pekee linamweka kwenye kozi mwezi mzima.

Hatua ya 5: Somo moja liweje

Voisi moja isiyozidi dakika mbili, picha moja, kazi moja. Basi. Voisi ni nyepesi, dakika nzima inakula bando kidogo sana, ila video ya dakika hiyohiyo inakula MB kadhaa na mtu wa bando la siku hatoifungua. Video nazitumia kwa kitu kimoja tu, kuonyesha mkono unavyoumba herufi, klipu ya sekunde 15 inatosha. Pia wafundishe wanafunzi wote kuzima ile kujishusha kwa picha na video kwenye mipangilio ya WhatsApp, bando likiisha kwa vitu vya magrupu mengine wewe ndo utakayelaumiwa.

Picha ya neno usiipambe. Chukua maka peni nyeusi, karatasi nyeupe, neno moja kubwa, piga picha mchana kivulini. Kumbuka mwenzako anaiangalia juani kwenye kioo kilichopasuka. Andika herufi ndogo juu na neno hilohilo kwa herufi kubwa chini, tangu mwanzo, kwa sababu majina ya watu kwenye meseji za miamala mara nyingi yanakuja kwa herufi kubwa tupu na mtu aliyefundishwa ndogo peke yake ataona ni lugha nyingine. Pia mwonyeshe a ya kwenye simu ilivyo tofauti na ile ya kuandika kwa mkono, maana hapo watu wanakwama kimyakimya.

Rekodi ndani, mlango umefungwa. Ukirekodi ufukweni upepo na injini za mitumbwi zinafunika sauti, na huwezi kumfundisha mtu tofauti ya pa na ba kwa sauti iliyofunikwa. Ongea taratibu, taja silabi kwa sauti yake, acha ukimya wa sekunde tatu ili mtu arudie. Sema "pe... sa... pesa", usiingie kwenye majina ya herufi.

Kazi iwe ya kufanya kwa mkono: aandike kwenye daftari, apige picha, atume. Kuandika kwa kalamu kwanza, kuchapa kwenye simu baadaye. Siku ya kuanza kuchapa mwelekeze kuzima kile kinachosahihisha maneno chenyewe kwenye kibodi, kwa sababu kinageuza Kiswahili cha watu kuwa Kiingereza na mtu anadhani amekosea yeye.

Kila somo lianze na swali la jana na neno moja la wiki iliyopita. Mtu asome kabla hujamsomea. Kukumbuka kwa kujitahidi ndo kunakofanya neno likae, kusikiliza tu hakutoshi, hata ukirudia mara kumi.

Unapotumia meseji za kweli kufundishia, ziandike wewe upya. Majina ya kubuni, namba za kubuni. Usimwombe mwanafunzi skrinshoti ya muamala wake yenye salio lake, na siku ya kwanza waambie wote kwamba mwalimu wa kweli hatokuja kuwauliza namba ya siri hata siku moja.

Hatua ya 6: Vikundi vya chini, na mtu mmoja wa karibu

Grupu la watu 60 ni sherehe, sio darasa. Weka 12 hadi 15, na grupu liwe limefungwa ili admini pekee atume wakati wa somo, likifunguliwa jioni kwa majibu na stori. Ukiliacha wazi siku nzima, matangazo ya vikoba na picha za misiba zitafunika masomo na asiyejua kusoma hawezi kurudi juu kutafuta.

Halafu tafuta msaidizi kwa kila mwalo. Hili ni la lazima kwangu. Mtu mmoja wa palepale Igombe, Kayenze au Nansio, anayejua kusoma, mwenye subira, asiye na tabia ya kucheka watu. Kazi yake ni kukusanya watu wanne watano mara moja kwa wiki kwenye simu moja, wale wa vitochi wanapata somo hapo, anashika mikono ya wanaoanza kuandika, anakuambia nani anaumwa na nani ameenda kambi nyingine.

Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilifikia karibu watu milioni 2 nchi nzima kwa mpango huohuo, kipindi kinasikika redioni, kikundi kinasikiliza pamoja, kiongozi ana kijitabu, wanajadili, wanaamua cha kufanya, wanakwenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingefanya hivyo. Simu nayo peke yake haifanyi.

Msaidizi mlipe, hata bando la wiki na nauli. Kama huna bajeti ya hilo punguza idadi ya wanafunzi, usipunguze wasaidizi.

Hatua ya 7: Kusahihisha

Sahihisha kwa voisi, inboksi, kitu kimoja kwa wakati. Mtu ametuma sentensi yenye makosa manne, chagua moja linaloharibu maana, mengine yaache kwa leo. Sifia kitu halisi: "Mama, ile pi ya pima umeiandika vizuri, sasa tuangalie hii ya mwisho" inamfaa kuliko "hongera sana" ya kila siku.

L na r huku ziwani zinachanganyika kwa wengi, mtu anatamka kula anapotaka kura na anaandika hivyohivyo. Hiyo inatoka kwenye lugha ya nyumbani, usiichukulie kama uvivu. Mpe maneno pacha, mahali na mahari, ayasikilize, aseme lipi ni lipi, baadaye ndo ayaandike. Na maelezo magumu yatoe kwa lugha ya mama inapowezekana, msaidizi wa Ukerewe anaweza kurudia voisi yako kwa Kikerewe au Kijita kwa dakika moja na mtu akaelewa kitu kilichomsumbua wiki nzima. Maandishi yabaki ya Kiswahili, maelezo yawe ya lugha yoyote inayomfikia mtu.

Akinyamaza siku tatu mpigie simu. Kupiga, sio kutuma meseji. Mara nyingi utakuta simu imeuzwa, bando limeisha au mtoto anaumwa, na kile kitendo cha kupigiwa ndo kinamrudisha.

Hatua ya 8: Wape cha kusoma wakimaliza

Asipopata cha kusoma, kusoma kunamtoka. Wazee wetu walilijua hili, ndo maana 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza kwa ajili ya watu waliotoka kwenye madarasa ya kisomo. Wewe huhitaji mtambo wa kuchapa. Fungua grupu la wahitimu na kila siku tuma maandishi mafupi, mistari mitatu hadi mitano, bila voisi: bei ya ndoo ya dagaa leo, hali ya hewa ya ziwani kama ilivyotangazwa na TMA, yaani mamlaka ya hali ya hewa, tangazo la BMU, ile kamati ya kusimamia uvuvi mwaloni, taarifa ya chanjo. Vitu ambavyo mtu atavitafuta mwenyewe. Baada ya wiki chache kazi ya kuandika bei iwape wao kwa zamu, kila mwalo na siku yake, makosa ya tahajia yasizuie taarifa kutoka.

Miezi mitatu baada ya kumaliza, tuma tena ile picha ya mistari minne uliyowapimia mwanzo, ila badilisha maneno na sentensi. Wanaosoma mpaka mwisho wape zamu nyingi zaidi za kuandika kwenye grupu. Wanaoanza kukwama waingize kwenye grupu la wasomaji wa polepole, mbalamwezi ijayo.